Deni la Bima Halifutwi kwa "Yaishe"

Ndugu waamini, na hasa ninyi mliokabidhiwa uongozi katika Halmashauri Walei na katika Jumuiya Ndogo Ndogo,

Tunawaandikia juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika kijitabu cha Haki na Amani. Mtauliza: bima za magari na Tume vinahusiana nini? Twajibu kwamba haki haikai mahakamani na bungeni peke yake. Hukaa pia kando ya barabara, penye vioo vilivyovunjika, na katika ofisi yenye kiyoyozi ambamo karani humsogezea mama karatasi na kumwambia aweke sahihi hapa, na hapa, na hapa.

Mwaka 2022, kabla ya mapambazuko, pikapu iliyobeba matenga ya nyanya kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam ilipunguza mwendo karibu na Chalinze ili ivuke tuta. Lori lililoifuata halikupunguza. Liliipiga kwa nyuma, likaisukuma hadi ng'ambo ya tuta, na nyanya zikatapakaa barabarani. Ndani ya pikapu walikuwamo mume na mkewe, waamini wa parokia yetu. Mume aliendesha, mke ndiye mwenye biashara. Dereva wa lori alishuka huku akitetemeka, akaomba radhi mbele ya watu, akasema alisinzia. Baada ya nusu saa akaja mwenye lori. Yeye hakuomba radhi. Alitoa shilingi laki mbili mfukoni akasema, "Wazee wangu, yaishe hapa hapa."

Hawakuzipokea. Polisi waliitwa, wakapima, wakachora. Wiki tatu baadaye kampuni iliyolikatia lori bima ilijibu kwa barua fupi. Ilieleza kwamba, kwa mujibu wa fomu aliyoijaza dereva wa lori, pikapu ilisimama ghafla, tena bila taa za breki. Kwa hiyo makosa ni ya pande zote mbili, na kampuni, kwa nia njema tu, ingelipa theluthi ya gharama za matengenezo. Nyanya hazikutajwa. Shingo ya mama, ambayo tangu siku ya pili ya ajali haikuweza kugeuka, haikutajwa vilevile.

Lililotufanya tushike kalamu, hata hivyo, ni jambo jingine. Kabla hawajafika kwetu, ndugu hao walikwenda kwa kiongozi mmoja wa walei, mtu mwema tunayemheshimu, naye akawashauri wapokee hiyo theluthi. Aliwaambia kwamba Mkristo hasumbuani na wenzake, na kwamba yafaa kusameheana, yaishe.

Tunampinga ndugu yetu huyo, na tunampinga hadharani kwa sababu ushauri wake ndio unaotolewa katika jumuiya nyingi. Nani alikuwa anasamehewa? Dereva aliyesinzia alikwisha kuomba radhi, na ndugu hawa walikwisha kumsamehe pale pale barabarani. Kampuni ya bima haikumgonga mtu. Yenyewe ilipokea fedha kwa mwenye lori ili siku lori litakapomdhuru mtu, ilipe. Ndiyo kazi yake, hana nyingine. Kumsamehe dereva ni tendo la moyo, na hakuna anayeweza kulikataza. Kuiachia kampuni theluthi mbili za deni ambalo tayari imelipwa ili ilibebe ni kuwapa wenye hisa zawadi itokayo katika mfuko wa muuza nyanya. Tusiite zawadi hiyo amani.

Wa mbele na wa nyuma

Kila dereva nchini anaijua kauli kwamba anayegonga kwa nyuma ndiye mwenye kosa. Kauli hiyo ina msingi. Yeyote anayemfuata mwenzake barabarani yampasa aache nafasi ya kumwezesha kusimama, hata wa mbele akisimama kwa dharura. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde. Kabla mguu wa dereva haujagusa breki, lori limekwisha kumeza urefu wa nyumba. Na lori lenye shehena halisimami kama baiskeli. Ndiyo maana lawama huanzia kwa wa nyuma.

Tunasema huanzia. Haiishii hapo daima, na tuwe waaminifu katika hili hata pale linapotuuma. Yupo kijana wa bajaji aliyeletwa kwetu, ambaye gari lililokuwa mbele yake kwenye foleni ya mlimani lilirudi nyuma kwa kukosa breki ya mkono, likamvunjia kioo na kumjeruhi goti. Watu wote waliokuwapo walimnyooshea kidole yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyuma. Akalipa, akakopa, akalipa tena. Kauli ileile iliyopaswa kumlinda mama wa nyanya ndiyo iliyomkandamiza kijana huyu, kwa sababu katika mashauri yote mawili hakuna aliyejishughulisha kuuliza nini hasa kilitokea.

Sheria inatambua pia kwamba madereva wawili waweza kuchangia kosa, na fidia ikapunguzwa kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Hatulipingi hilo. Tunachokipinga ni desturi ya kuligeuza neno "pande zote mbili" kuwa punguzo la bei, kama muuza kitambaa anavyoanza na bei ya juu akijua atateremka. Mgawanyo wa kosa hutokana na ushahidi. Barua ile haikutaja hata ushahidi mmoja, isipokuwa neno la mtu ambaye tajiri yake alikuwa na kila sababu ya kumfundisha la kusema.

Basi tukauliza maswali ambayo kampuni haikuyauliza. Vioo vya taa vilianguka wapi? Mchoro wa polisi ulionyesha vilianguka hatua chache kabla ya tuta. Tuta lile lina kibao, na kila lori lipitalo njia hiyo hulikuta palepale usiku na mchana. Je, dereva anaweza kusema kwamba ameshangazwa na gari lililopunguza mwendo mbele ya tuta? Awe aliona taa za breki au hakuziona, tuta lenyewe lilimwambia apunguze.

Na zile taa? Hapa fundi wa gereji, ambaye si muumini wa kanisa lolote tunalolijua, alitutendea wema mkubwa kuliko sisi sote. Alipofungua upande wa nyuma wa pikapu alizitoa balbu, akazifunga katika gazeti, akazitia ndani ya kopo. Balbu za taa za nyuma za magari mengi ya zamani zina nyuzi mbili: mmoja wa taa ndogo na mwingine mnene wa breki. Uzi unapowaka huwa wa moto na laini. Gari likipigwa kwa nguvu wakati huo, uzi hunyooka na kupinda. Ukiwa umezimwa huwa wa baridi na mkavu, nao hukatika pasipo kupinda, au hubaki kama ulivyokuwa. Uzi wa breki wa balbu moja ulikuwa umepinda kama unywele uliopitishwa motoni. Picha yake ikapelekwa kwa kampuni pamoja na nakala ya mchoro. Hatukusikia tena habari za taa za breki.

Twataja hayo kwa kirefu ili ionekane kwamba ukweli ulikuwapo tangu mwanzo, ukiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Laiti balbu zingetupwa jalalani, kama zitupwavyo siku zote, mama huyu angeitwa mwongo katika barua yenye nembo.

Karatasi

Makampuni ya bima yana watu wanaolipwa mshahara kwa kuandika. Sisi hatuna. Huo ndio udhaifu wetu wote, na twaweza kuupunguza bila kusubiri sheria mpya.

Kabla magari hayajaondolewa, kama hakuna hatari kwa majeruhi na kwa wapita njia, yapigwe picha kwa simu: namba za usajili, mahali vioo vilipo, alama za matairi, tuta, kibao, na uso wa barabara kwa mbali. Majina na namba za simu za mashahidi yaandikwe hapo hapo, kwa kuwa muuza kahawa aliyeona kila kitu saa kumi na moja alfajiri hatapatikana mwezi ujao. Bima ya gari la pili ihakikiwe kwa namba yake ya usajili katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA. Yapo magari yanayotembea na bima iliyokwisha. Kisha ziko fomu za polisi. PF 90 ni taarifa ya awali ya ajali, PF 93 ni ya mwisho, na PF 115 ni ya ukaguzi wa gari. Kampuni itazitaka zote. Mtu aliyeumia asisahau PF 3 ya kwenda nayo hospitalini. Aende siku ileile, hata kama anajiona mzima, maana maumivu ya shingo ya mtu aliyegongwa kwa nyuma mara nyingi hujitokeza baada ya saa kadhaa au kesho yake. Asiyekwenda ataambiwa aliumia shambani.

Sasa neno la uchungu kwa askari wa usalama barabarani walio waamini wenzetu. Mnajua kwamba mstari mmoja katika taarifa yenu huamua kama familia itakula. Mnajua pia ni mara ngapi mstari huo huandikwa baada ya mazungumzo kando, chini ya mwembe. Hatutasema zaidi, kwa kuwa mnatuelewa.

Mwenye bima kubwa naye asidhani haya hayamhusu. Gari lake likigongwa, kampuni yake humlipa, kisha huchukua nafasi yake ili imdai aliyekosa. Akikubali laki mbili za barabarani na kutia sahihi kikaratasi kinachosema hadai tena, ameiuza haki ambayo kampuni yake iliitegemea, na kampuni yaweza kumkatalia malipo. Vilevile hati nyingi za bima humkataza aliyekata bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni, na humtaka atoe taarifa ya ajali upesi. "Yaishe" ya kirafiki, iliyosemwa kwa moyo mweupe kabisa, yaweza kuwafunga mlango wote wawili.

Kuna karatasi moja ambayo tunawasihi muiogope. Ni ile inayoletwa pamoja na hundi, isemayo kwamba mpokeaji amelipwa yote na hatadai chochote tena kwa ajali ile, kiwe kinajulikana au hakijulikani. Mama wa nyanya aliletewa karatasi hiyo wakati daktari bado anasubiri picha za shingo yake. Kwa maneno mengine, aliombwa auze jeraha ambalo hata hajaonyeshwa. Msitie sahihi karatasi ya namna hiyo juu ya mwili wa mtu hadi daktari aseme neno lake. Malipo ya gari yanaweza kupokelewa peke yake, kwa maandishi yanayosema wazi kwamba ni ya gari tu.

Zamani na sasa

Wazee wetu hukumbuka kwamba tangu mwaka 1967 bima yote ya Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, na kwamba kudai kulikuwa safari ya kwenda na kurudi isiyo na mwisho. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni binafsi, tukaambiwa kwamba ushindani ungetuletea nafuu. Kwa mnunuzi wa bima nafuu ilikuja kwa kiasi fulani. Huweza kuchagua, na akiudhika huhama. Aliyegongwa hakuwahi kuchagua. Kampuni ya lori haikumjua mama wa nyanya hadi siku ilipompaswa kumlipa, wala haitamkosa kama mteja akinung'unika. Soko halina dawa ya ugonjwa huu. Ndiyo maana iko sheria inayomlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine, na inayoilazimisha kampuni kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake kwa kifo au majeraha, ilimradi imepewa taarifa ya kesi kwa wakati.

Wanaodai kwamba mdai hana pa kwenda hawasemi kweli. Malalamiko yaweza kupelekwa TIRA. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye mwenye bima aliyekataliwa dai lake anaweza kumwendea pasipo wakili. Mahakama ipo. Shauri la madhara ya namna hii lina ukomo wa miaka mitatu, na barua tamu za "tunalifanyia kazi" hazisimamishi saa hiyo; tumeona dai zuri likifa kwa adabu za mdai. Tangu mwaka 2017 sheria inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao wanapatikana katika wilaya nyingi.

Makosa yetu wenyewe

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia kwenye makampuni. Wakadiriaji wa hasara hutuambia, nasi hatuwezi kuwakanusha, kwamba waamini huleta ankara za gereji zilizonenepeshwa, bampa la zamani likaandikwa jipya, na mlango uliobonyea mwaka juzi ukaingizwa katika ajali ya juzi. Kila ankara ya uongo humpa karani sababu ya kuikata ankara ya kweli itakayofuata. Amri ya nane haina kifungu kinachoyatenga makampuni ya bima. Anayedanganya ili kupata zaidi hana uso wa kumlaumu dereva aliyedanganya juu ya taa za breki.

Na kuna uzembe wa kutotunza kumbukumbu. Mama huyu alipoteza matenga thelathini ya nyanya. Alikuwa na daftari la mauzo, lakini hakuwa na stakabadhi hata moja ya ununuzi, kwa kuwa shambani hakuna anayetoa stakabadhi. Mahakama zetu husisitiza kwamba hasara ya fedha inayotajwa kwa kiasi lazima ithibitishwe kikamilifu. Hatusemi sharti hilo ni baya. Tunasema linamwelemea zaidi yule ambaye biashara yake yote iko kichwani na katika daftari lenye alama za vidole vyenye utomvu. Vyama vya akina mama wafanyabiashara na wauzaji wa shambani waanze kuandikiana, hata kwa kalamu ya risasi.

Sasa tuwaambie yaliyotokea. Baada ya mchoro, picha ya balbu, na barua ya pili iliyonakiliwa TIRA, kampuni ililipa matengenezo yote ya pikapu. Maneno ya nusu na theluthi yalitoweka bila maelezo, kana kwamba hayakuandikwa. Kwa nyanya ilitoa kiasi kidogo, nao wakakipokea kwa kuwa hatukuwa na uthibitisho wa kuwapa. Kwa shingo ilikataa kabisa. Kesi dhidi ya dereva na mwenye lori ilifunguliwa mwaka 2024, kabla ya ile miaka mitatu kupita, na taarifa yake ikapelekwa kwa kampuni na kutiwa mhuri wa kupokelewa. Bado inaendelea. Mama amerudi sokoni, lakini hawezi kubeba tenga kichwani, na humlipa kijana wa kumbebea kila asubuhi. Tumemwagiza aandike kila shilingi anayomlipa, na kijana aweke alama yake kando.

Kiongozi yule aliyewashauri wapokee theluthi alikuja kutuona baada ya kusikia habari hizi. Hatukubishana. Tulimwomba aambatane na mama mahakamani siku ya kutajwa kwa kesi, kwa kuwa mtu anayesimama peke yake mbele ya mawakili watatu huanza kujiona mkosaji. Alikwenda, na amekwenda mara mbili zaidi tangu hapo.

Kila jumuiya tunaiomba ichague watu wawili wanaojua kusoma na kuandika vizuri, wasioogopa ofisi, ambao aliyepata ajali ataweza kuwapigia simu kabla hajatia sahihi chochote. Majina yao yaletwe kwa katibu wa Tume. Tutawaonyesha fomu, na yule fundi wa gereji amekubali kuja na kopo lake.